Kurasa Zilizoguswa

Siku tuliyopoteza mauzo ya siku mbili na ushee, bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, tulikuwa nayo. Nalitanguliza hili kwa sababu mtu akisikia data za duka zimepotea, la kwanza kumjia ni kwamba wenyewe walizembea. Tulikuwa na bekapu kamili ya Ijumaa. Juu yake tulikuwa na daftari la miamala la kila dakika tano, tangu Ijumaa hiyo mpaka Alhamisi diski ilipokufa. Ukitukagua kwenye karatasi, hatukupungukiwa na kitu.

Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka 2023, Chake Chake. Nafanya kazi kwenye duka la jumla la vyakula: mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta, na tende mwezi ukikaribia. Wateja wetu wengi ni wenye maduka ya vijijini, kuanzia Konde na Micheweni mpaka Kengeja, na wengi huchukua kwa mkopo wakalipa wakishauza. Kwa hiyo kompyuta yetu haikubeba mauzo tu, ilibeba madeni ya watu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni. Mtu aliyelelewa Pemba hahitaji kuelezwa kwa nini kupoteza daftari la madeni ni jambo zito.

Kabla ya kompyuta, hesabu za duka zilikuwa mkononi mwa mzee mmoja, nduguye tajiri wetu, ambaye sote dukani tunamwita Ami. Yupo hadi leo, anakaa mlangoni na miwani yake. Ami alikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza ni daftari la kutwa: kila kinachotoka dukani kinaandikwa humo papo hapo, mstari chini ya mstari, kwa mpango kilivyotokea. Cha pili ni leja, ambamo kila mteja ana ukurasa wake na kila bidhaa ina ukurasa wake. Baada ya sala ya Magharibi alikaa akahamisha, kutoka daftari kwenda leja.

Hifadhidata, programu ya kompyuta inayotunza hesabu hizi, nayo ndivyo inavyofanya kazi. Sisi tunatumia moja iitwayo PostgreSQL. Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye daftari la miamala, likathibitika diskini, ndipo baadaye ukurasa wa jedwali wenyewe unapoandikwa. Kila ukurasa ni wa kilobaiti 8. Daftari limekatwa vipande vya megabaiti 16, kila kipande na jina lake la herufi na tarakimu 24. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, seva, yaani kompyuta inayobeba hifadhidata, ikiwaka tena hurudi kwenye daftari, ikatenda upya yale ambayo hayajawahi kufika kwenye leja.

Hilo la umeme sikulisoma kitabuni. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 nilikuwa Unguja, najifunza kazi, pale kisiwa kizima kilipokaa miezi mitatu bila umeme baada ya hitilafu kwenye njia inayoleta umeme kwa waya wa baharini kutoka Bara. Huku Pemba bado walikuwa wakitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya wa kutoka Tanga ulikuja mwaka 2010. Jenereta ya dukani tulipokuwa ilizimwa na kuwashwa mara nne, tano kwa siku, na kila ikizimwa nilishika moyo. Nilitoka pale nikiwa na imani kubwa na daftari la miamala, maana nililiona likiinusuru hifadhidata siku baada ya siku. Imani hiyo ndiyo iliyonifumba macho baadaye.

Sasa nieleze kilichotokea. Seva yetu ilikuwa na UPS nzuri, ile betri inayoiweka kompyuta hai umeme ukikatika. Daftari la miamala, kila kipande kikijaa au kikitimiza dakika tano, kilinakiliwa kwenda kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa chumba cha pili, ghalani, karibu na magunia. Ile kuukuu haikuwa na UPS. Nilijiambia: hii ni ghala tu ya mafaili, ikizimika itawaka, kazi itaendelea.

Alhamisi, baada ya Alasiri, diski ya seva ikaanza kulia, na kabla ya saa kumi na moja ikawa haisomeki tena. Nilikuwa na diski mpya kabatini. Nikairudisha bekapu ya Ijumaa, gigabaiti 30 na kidogo, nikaielekeza seva isome vipande vya daftari kimoja baada ya kimoja. Nje watu wanapita na vikapu vya futari, mimi natazama majina ya vipande yakipanda kwenye skrini. Mashine ilikuwa ya zamani, kazi ikaenda polepole. Tukafuturu kwa zamu. Zaidi ya saa tatu baadaye ikasimama yenyewe, na ujumbe ukawa kwamba kipande fulani kina ukubwa usio sahihi: 0 badala ya 16777216.

Sifuri. Jina la faili lipo, tarehe ipo, Jumanne saa sita na robo mchana. Ndani hamna kitu.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa, na naomba anayefanya kazi hii alisome hili polepole. Amri ya kunakili ikimaliza na kusema "tayari", haina maana kwamba faili limeshakaa diskini. Huenda liko kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine inayopokea, likisubiri kuandikwa. Jumanne saa sita na robo umeme ulikatika. Kompyuta ya ghalani ikazimika na kipande kile kikiwa bado hakijaandikwa. Seva, kwa sababu ilikuwa na UPS, haikuyumba hata kidogo. Ilishaambiwa kipande kimehifadhiwa salama, kwa hiyo baadaye ikaitumia nafasi yake kwa daftari jipya. Nakala pekee ya dakika zile tano ikawa jina lisilo na kitu ndani.

Na baada ya hapo? Vipande karibu mia nne, vya Jumanne mchana, Jumatano yote na Alhamisi, vyote vizima, vyote megabaiti 16 kamili, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Daftari la miamala halirukwi. Mstari wa Jumatano unaosema "punguza hapa" unategemea ukurasa ulivyoachwa na mstari wa Jumanne. Ukikosa kimoja katikati, vilivyofuata havina pa kusimama.

Baadhi ya wafasiri wa programu wanaiita bekapu kwa jina la chelezo, na mwanzoni jina hilo sikulipenda, nililiona la kulazimisha. Sasa nalielewa zaidi. Chelezo cha mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, kinaelea juu ya maji ili ajue dema lake liko wapi chini. Kamba ikikatika, chelezo hakizami. Kinaendelea kuelea vilevile, ukikitazama kutoka ufukweni huoni tofauti yoyote. Utajua siku utakayokivuta.

Tuliingiza upya mauzo yote kwa mkono, kutoka kwenye nakala za risiti zilizokuwamo ndani ya boksi la biskuti, usiku nne mfululizo, baada ya tarawehe mpaka daku. Risiti za fedha taslimu hazikutusumbua sana. Za mkopo ndizo zilizotutesa, kwa sababu nyingine zilikuwa zimeandikwa jina la kwanza tu, na Pemba hii jina la kwanza ni la watu mia. Tajiri hakunigombeza. Alipiga simu kwa wateja mmoja mmoja. Siku ya tatu akaja bwana mmoja mwenye duka Micheweni, amekamata daftari la skuli lililokunjwa, akasimama kwenye kaunta akaniambia, "Dada, Jumatano nilichukua sukari mifuko kumi na miwili na mafuta madumu sita. Niandikie. Sitaki kwenda na deni la mtu." Nauli ya kuja na kurudi alijilipia mwenyewe. Walikuja wengine kama yeye. Kila ninapofikiria kwa nini bekapu inanishughulisha kiasi hiki, namkumbuka bwana yule na daftari lake. Watu waaminifu namna hii wanastahili hesabu zao zitunzwe.

Usiku wa pili wa kuingiza, Ami alikuwa amekaa nasi akisoma risiti kwa sauti. Nikamweleza kilichoharibika, kwa lugha ya vitabu vyake. Akaniuliza, "Leja ya nyumbani hamna?"

Sikujua kama kulikuwa na leja ya nyumbani. Kumbe miaka ile, kwa hofu ya moto, Ami alikuwa na leja ya pili nyumbani kwake. Nikamuuliza, alikuwa akiinakili yote kila usiku? Akacheka. Leja ina kurasa mia tatu, nani ana usiku wa kuandika kurasa mia tatu? Alikuwa na kikaratasi ndani ya leja ya dukani. Kila alipogusa ukurasa, aliandika namba yake kwenye kikaratasi, mara moja tu, hata kama ataugusa tena mara kumi. Usiku anachukua kikaratasi na leja, anakwenda nyumbani, ananakili kurasa zile tu, kama zilivyo usiku huo.

"Mtu wa Konde kachukua mara tisa wiki hii," aliniambia. "Daftari lina mistari tisa. Mimi sihamishi mistari tisa, mwanangu. Nahamisha ukurasa wake mmoja. Hizo mara nane za kati zinifae nini?"

Nilikuwa nimesoma juu ya bekapu ya tofauti kabla ya hapo. Nilijua maana yake: unahifadhi yale tu yaliyobadilika tangu bekapu kamili ya mwisho. Nilichokuwa sikukifikiria ni kwamba ile orodha ya yaliyobadilika tayari ninayo, imo ndani ya daftari la miamala, na kwamba daftari lenyewe, kwa kurejesha, ni mzigo mzito kuliko inavyopasa. Mara nane za kati zinifae nini.

Uzito wake unatokana na jambo moja ambalo nalipenda kulieleza kwa hesabu. Kila baada ya muda, kwa kawaida dakika tano, PostgreSQL huweka kituo: inahakikisha kurasa zote zilizobadilika zimeandikwa diskini. Baada ya kila kituo, ukurasa ukiguswa kwa mara ya kwanza, daftari halirekodi badiliko peke yake, linarekodi ukurasa mzima, ili umeme ukikatika ukurasa ukiwa umeandikwa nusu pawe na nakala yake safi. Ni kinga nzuri, siizimi. Lakini fikiria ukurasa wenye stoku ya sukari, ambao unaguswa kutwa. Saa kumi na nne za kazi zina vituo 168. Kwa siku sita ni 1,008. Ukurasa mmoja wa kilobaiti 8 unaweza kula karibu megabaiti 8 za daftari, na kati ya nakala hizo zote unayoihitaji Alhamisi usiku ni ya mwisho tu.

Baada ya Idi nikaanza kujenga kikaratasi cha Ami.

PostgreSQL inakuja na chombo kinachoitwa pg_waldump, ambacho hulifungua daftari na kulionyesha kwa maandishi. Kila mstari unaohusu ukurasa una kitu mfano wa hiki: rel 1663/16384/16397 blk 42. Namba tatu za mwanzo zinataja eneo la diski, hifadhidata na faili la jedwali. 42 ni namba ya ukurasa ndani ya faili hilo. Nikaandika skripti fupi, yaani programu ndogo ya amri chache: fungua vipande vyote tangu Ijumaa, chomoa namba hizo, zipange, futa zinazojirudia. Wiki ya kwanza nilipoijaribu kwa ukamilifu, vipande vilikuwa zaidi ya elfu moja, gigabaiti 16. Kurasa zilizoguswa, bila kujirudia, zilikuwa kama elfu arobaini na moja. Kwa kilobaiti 8 kila moja ni megabaiti 320 hivi. Niliwaita wenzangu waje kuona skrini.

Orodha peke yake haitoshi, lazima kurasa zenyewe zipatikane zikiwa tulivu. Ukizichota kwenye seva inayofanya kazi, utachota ukurasa mmoja wa saa nane na mwingine wa saa nane na dakika tatu, na pengine mwingine umeandikwa nusu. Kwa hiyo nikachukua laptopu ya akiba, nikairejeshea bekapu ya Ijumaa, ikawa kila usiku inasoma daftari la siku hiyo na kujisogeza mbele. Ikimaliza naizima kwa utaratibu, kisha nachota humo kurasa zilizo kwenye orodha. Seva ya duka haiguswi kabisa. Na faida iliyokuja pamoja na hiyo, ambayo leo naiona kubwa kuliko faida ya ukubwa: kila usiku daftari linasomwa. Kipande kibovu cha Jumanne nitakijua Jumanne usiku, seva ikiwa hai na bekapu mpya inaweza kuchukuliwa, badala ya kungoja Alhamisi diski ikiwa imekufa.

Skripti yangu ilinipa shida ambazo sikuzitarajia. Usiku mmoja orodha ilitaka ukurasa wa 500 kwenye faili lenye kurasa 300. Jedwali lilikuwa limesafishwa na mkia wake, yaani kurasa za mwisho zilizobaki tupu, ukakatwa, na tendo la kukata mkia haliandikwi kwa namba za kurasa kama mabadiliko mengine. Kwa hiyo orodha yangu ilijua ukurasa uliguswa asubuhi, haikujua kwamba jioni haupo tena. Tatizo kubwa zaidi ni upande wa pili wa hilo hilo: nikirejesha juu ya bekapu ya Ijumaa, mkia wa zamani ungebaki palepale, na mistari iliyofutwa ingefufuka. Wateja waliokwishalipa wangeonekana wanadaiwa. Nililigundua kwenye jaribio, alhamdulillahi, si kwenye kazi. Tena kuna mafaili madogo yanayoshika hali ya miamala, upi ulikamilika na upi uliachwa. Hayo nikayachukua mazima kila usiku bila kujaribu kuwa mjanja.

Skripti ile ilitufaa mwaka na miezi, lakini sikulala kwa raha. Toleo la 17 la PostgreSQL lilipotoka Septemba 2024 nikakuta kikaratasi cha Ami kimewekwa ndani ya injini yenyewe. Unawasha summarize_wal, na kutoka hapo kuna mfanyakazi anayesoma daftari linavyoandikwa na kutunza muhtasari: faili lipi, kurasa zipi, na pia kikomo, yaani faili likikatwa mkia muhtasari unasema lilikatwa mpaka ukurasa wa ngapi. Nilipoona hilo la kikomo nilijua walioandika wameshapita nilipopita.

Matumizi yake ni mepesi. Ijumaa baada ya sala, duka likiwa bado limefungwa, tunachukua bekapu kamili. Inakuja na faili la orodha linaloitwa backup_manifest. Usiku wa Jumamosi tunachukua nyingine, tukaipa orodha ile ya Ijumaa, na seva inasoma muhtasari na kutuma kurasa zilizobadilika tu. Ukifungua folda utaona mafaili yameanza na neno INCREMENTAL mbele ya namba ya jedwali. Hayo ni ya kurasa chache, si mafaili kamili. Kurejesha unatumia pg_combinebackup, unaipa folda ya Ijumaa na folda ya usiku unaoutaka, inakutengenezea bekapu moja nzima kama vile umeichukua usiku ule.

Chombo hicho kinakuruhusu pia kuijenga ya Jumapili juu ya Jumamosi, ya Jumatatu juu ya Jumapili, na kuendelea. Hiyo ni bekapu ya nyongeza, ni ndogo zaidi, na wengi wanaipenda kwa hilo. Sisi hatuitumii. Kila usiku tunarudi kwenye orodha ya Ijumaa. Alhamisi inakuwa kubwa, kweli, lakini kurejesha ni folda mbili tu, na ya Jumanne ikiharibika, ya Jumatano haijali. Nimeshaona mnyororo ukikatika katikati. Mahali penye umeme wa kukatika na mashine za kuokoteza, mimi namshauri yeyote alipie zile megabaiti za ziada.

Bekapu kamili ya gigabaiti 30 hatuwezi kuituma kwa intaneti yetu, kwa hiyo hupanda boti. Diski inafungwa ndani ya mfuko wa nailoni, inapelekwa Mkoani, mtu wetu anaipokea Malindi, Unguja. Ya tofauti huenda kwa intaneti usiku, watu wakiwa wamelala na mtandao una nafasi. Siku Chake Chake ikipatwa na lolote, kule Unguja kuna Ijumaa iliyokwenda kwa boti na jana iliyokwenda kwa mtandao, na zikiunganishwa duka linafunguka.

Daftari la miamala hatukuliacha. Linaendelea kuhifadhiwa kila dakika tano, ila sasa kazi yake katika kurejesha ni kuanzia bekapu ya jana usiku mpaka sasa, yaani siku moja badala ya sita. Na namna ya kulihifadhi imebadilika: kipande kinanakiliwa kwa jina la muda, kinalazimishwa kuandikwa diskini, kinapimwa ukubwa, ndipo kinapewa jina lake la kweli. Kompyuta ya ghalani ina UPS, ndogo, lakini inayo.

Mwaka 2025, wakati wa Idi, tulifunga duka, kisha mambo yakatuzidi na Ijumaa moja ikapita bila bekapu kamili. Siku ya kumi na moja tangu bekapu kamili ya mwisho, bekapu ya usiku ikakataa. Ilisema muhtasari unaohitajika tangu bekapu ya mwanzo haujakamilika. Kumbe muhtasari hutunzwa siku 10 ukiacha mpangilio ulivyokuja, kisha hufutwa. Nimeongeza muda huo, lakini nilishukuru zaidi kwa kule kukataa. Chombo kinachokuambia "sina habari za siku zile, siwezi" ni bora mara mia kuliko kile cha kwangu cha mwanzo, ambacho kingeniletea folda iliyopungua na kunyamaza.

Jumamosi asubuhi tunarejesha. Si kila nikipata nafasi; kila Jumamosi. Laptopu ile ya akiba inaunganisha folda mbili, ya Ijumaa ya wiki iliyopita na ya tofauti ya Alhamisi usiku, kazi ya dakika ishirini hivi, inawashwa, na mimi naita Ami. Siku hizi amerudia daftari lake la kutwa, dogo, si la mauzo yote: anaandika idadi ya risiti za kila siku na baki la wateja watano anaowachagua mwenyewe, kila wiki wengine, hatuambii ni kina nani. Anafungua, anavuta miwani, anaanza.

"Alhamisi, risiti?"

"Mia moja themanini na saba, Ami."

Anatia alama kwa kalamu. "Baki la mtu wa Kengeja?"

Naandika swali, nasoma jibu. Anatia alama nyingine. Wiki mbili zilizopita jibu moja halikuwiana, tukatafuta karibu saa nzima. Ilikuwa malipo yaliyoingizwa Ijumaa asubuhi kabla ya kufunga, baada ya bekapu ya Alhamisi. Bekapu ilikuwa sahihi, Ami pia. Tukaandika pembeni ya ukurasa kwa nini, akafungua mteja wa nne.